Machweo ya Jakarta na Jina la Mzee wa Mkokoteni

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha ualimu, niliwazoeza wanafunzi kuhakiki riwaya kwa kupanda ngazi zile zile: muhtasari, maudhui, fani, na mwisho kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Hatua ya mwisho ndiyo waliyoipenda kuliko zote, kwani kijana wa miaka ishirini hapati kila siku nafasi ya kumhukumu mtu mzima. Katika insha hii nataka kuipanda ngazi hiyo mwenyewe. Riwaya ninayoikusudia ni Senja di Jakarta ya Mochtar Lubis, ambayo jina lake kwa Kiswahili tungeweza kuliita Machweo ya Jakarta. Lakini nitakayemhukumu si mwandishi peke yake. Pamoja naye nitamweka kizimbani msafiri mmoja aliyekwenda Jakarta mwaka 2016, akazunguka mitaani siku kumi na mbili, kisha akarudi nyumbani akidhani kwamba ameuona mji. Msafiri huyo ni mimi.

Nilikwenda huko kwa ajili ya binti yangu aliyekuwa akihitimu shahada ya pili. Alikuwa amepanga chumba katika kichochoro kimoja chembamba, ambamo pikipiki mbili zikikutana hapana budi moja irudi nyuma. Mimi nililala katika chumba cha jirani, kwa mama mwenye nyumba yule yule.

Jambo la kwanza lililonipata katika mji ule ni harufu. Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Utoto wangu umepita chini ya mikarafuu na juu ya majamvi ya karafuu zinazoanikwa, na harufu ile siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini. Niliposhuka garini usiku wa kwanza, nikaikuta imetanda barabara nzima! Walinzi, madereva na wauza chakula walikuwa wakivuta sigara zao za kreteki, ambazo ni tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na jina lake latokana na sauti ya karafuu inapopasuka kwa moto. Nilisimama nikacheka peke yangu. Mikarafuu ya kwetu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi hiyo hiyo ya Indonesia. Ilitufikia mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye ikawa Waindonesia ndio wanunuzi wakubwa wa karafuu za Unguja na Pemba kwa ajili ya sigara hizo, mpaka miaka ya 1980 mashamba yao wenyewe yalipoanza kuzaa vya kutosha. Bei yetu ilipoanguka, wazee wa kwetu walilia bila ya kujua vyema kilio kimeanzia wapi. Kilianzia hapo niliposimama.

Jambo la pili ni lugha. Kila siku nilirudi chumbani na maneno mapya ambayo si mapya. Habari wanaiita kabar, wakati ni waktu, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, dunia ni dunia, bendera ni bendera. Meza yetu na meja yao zote ni za Mreno. Lililonifurahisha zaidi ni gereja, maana yake kanisa, ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu gereza. Mreno alilileta neno lake la kanisa kwao na kwetu. Wao wakalibakiza na sala, sisi tukalifungia watu ndani yake. Na maskini wanamwita miskin. Neno hilo nalo niliandika katika daftari, nikaliwekea alama ya vema, nikaendelea na safari.

Ama kwa mandhari, niliona kila ambacho mgeni huonyeshwa. Niliuona mnara wa taifa, Monas, wenye urefu wa mita 132 na mwali wa dhahabu kileleni, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1961 na wananchi wakaruhusiwa kuupanda mwaka 1975. Niliswali Ijumaa katika Msikiti wa Istiqlal, uliofunguliwa mwaka 1978, nao uliosanifiwa na Mkristo, Friedrich Silaban; kanisa kuu la Wakatoliki liko ng'ambo ya barabara tu. Nilikaa kwenye uwanja wa Fatahillah, mbele ya jumba la utawala la Waholanzi la mwaka 1710, nikawatazama watoto wakiendesha baiskeli za kukodi. Nilikwenda bandari ya Sunda Kelapa kutazama majahazi ya mbao yaliyopangwa gati moja, pua juu, kama majahazi ya kwetu siku za kusi. Nilipanda bajaji, nao pia wakiita bajaj. Nilikula wali wa mtaani kwenye mikokoteni ya chakula iitwayo kaki lima, yaani miguu mitano. Wengine husema ni miguu miwili ya mwenye mkokoteni na mitatu ya mkokoteni wenyewe, na wengine husema jina latokana na njia za waendao kwa miguu za enzi ya ukoloni, zilizopimwa futi tano.

Haya yote niliyaandika. Na niliporudi, chuo changu cha zamani kikanialika kuzungumza na wanafunzi. Niliwaonyesha picha ukutani kwa mashine. Ukumbi ulijaa, na mimi, kama mwalimu yeyote mzee aliyepewa tena ubao, nilinogewa. Ndipo ikaja picha ya mzee wa kichochoroni.

Kila alfajiri, kabla ya adhana, mkokoteni wake ulipita chini ya dirisha langu ukilia gurudumu. Alikuwa akikusanya taka za nyumba za kichochoro kile na kuzipeleka mahali ambapo malori hupakia, na malori nayo huzipeleka kwenye dampo la Bantar Gebang, upande wa Bekasi, ambako mji ule hutupa maelfu ya tani kila siku na ambako watu wengi huishi kwa kuokota. Kichwani alivaa kofia ya chuma ya mwendesha pikipiki, iliyopasuka, sijui kwa sababu gani. Nilimpiga picha. Alisimama akanyoosha mgongo na kutabasamu. Binti yangu, aliyekuwa kando yangu, aliniambia, "Baba, mbona humsalimii? Si maneno yote unayajua?" Nikamjibu kwamba tutachelewa.

Picha hiyo ilipotokea ukutani niliwaambia wanafunzi, "Na huyu ndiye waziri wa usafi wa mtaa wetu." Ukumbi ukacheka sana. Kicheko kilipopungua, msichana mmoja wa safu ya nyuma alinyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, mzee huyo anaitwa nani?" Nikasema sijui. Akasema ahsante, akakaa. Nikaendelea na picha ya mnara.

Siku chache baadaye mwalimu mmoja aliniambia, wala si kwa kunilaumu, kwamba baba wa msichana yule anasukuma mkokoteni wa taka mjini, na kwamba ndiye aliyemsomesha kwa kazi hiyo mpaka chuoni.

Riwaya ya Mochtar Lubis niliisoma baada ya hapo. Binti yangu aliirudisha katika sanduku lake la vitabu, kwa Kiingereza, nayo ilikaa kabatini kwangu mwaka mzima kabla sijaigusa.

Mwandishi huyu alizaliwa Padang mwaka 1922 na kufariki Jakarta mwaka 2004. Alikuwa mhariri wa gazeti la Indonesia Raya, na kwa sababu ya kalamu yake serikali ya Sukarno ilimkamata mwishoni mwa mwaka 1956. Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata mpaka 1966 alikuwa kizuizini, ama nyumbani kwake ama gerezani. Riwaya hii aliiandika katika kipindi hicho cha kizuizi. Ilitoka kwanza London mwaka 1963, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Claire Holt, na haikuchapishwa katika lugha yake yenyewe hadi mwaka 1970. Yaani wageni waliisoma Jakarta yake miaka saba kabla ya watu wa Jakarta.

Muhtasari wake si mgumu. Ni Jakarta ya miaka ya 1950, uhuru bado mbichi. Raden Kaslan ni mfanyabiashara na mtu wa chama. Kazi yake ni kukitafutia chama fedha kwa leseni za kuingizia bidhaa zinazopewa makampuni ya jina tu. Mwanawe Suryono, ofisa wa mambo ya nje aliyerudi kutoka ng'ambo, hana analoliamini, na anatembea na mke mdogo wa baba yake. Sugeng ni mtumishi wa serikali mwenye moyo safi, ambaye mkewe Hasnah anamlilia nyumba. Kuna kundi la vijana wasomi wanaokutana kujadili iwapo nchi itaokolewa na mawazo ya Magharibi, na ukomunisti, au na Uislamu. Na kuna Saimun na Itam, makuli wa lori la taka. Hadithi inakwenda mwezi kwa mwezi, kuanzia Mei hadi Januari, na ndani yake mwandishi hupachika sehemu anazoziita Ripoti ya Mji, ambamo anatoka sebuleni na kuingia barabarani.

Sasa tuje kwenye kufaulu. Mwandishi amefaulu kwanza katika muundo. Ripoti za Mji hazimhubirii msomaji. Unasoma ukurasa wa watu wanaogawana leseni juu ya kahawa, unageuza ukurasa, na hapo yupo mtu anayeganga njaa ya siku moja. Hakuna sentensi inayosema kwamba huyu ana njaa kwa sababu ya wale. Jambo hilo anaachiwa msomaji alifanye mwenyewe, na akishalifanya hawezi kulifuta. Wanafunzi wangu wangeliita mbinu ya ulinganishi. Mimi naliita adabu, kwa sababu mwandishi hakutuchukulia kuwa watoto.

Amefaulu pia kwa Sugeng. Katika riwaya nyingi tulizozihakiki darasani mla rushwa huzaliwa mla rushwa. Ana tumbo kubwa na sauti nene tangu ukurasa wa kwanza. Sugeng si hivyo. Anaanza kuoza kwa kumpenda mkewe, na kwa haja ambayo mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba na familia anaijua. Nyumba inapatikana, lakini kinachokwenda zake ni utulivu wa nyumba yenyewe. Nilipoifunga sehemu hiyo nilikumbuka jinsi nilipokuwa mwalimu mkuu, na mkandarasi mmoja aliyekuwa akijenga madarasa akaniuliza kwa upole iwapo nyumba yangu ya kijijini imekwisha ezekwa. Nilisema imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilikuwa nikijisifu kwa jibu lile miaka mingi. Baada ya Sugeng nimeacha kujisifu, kwa kuwa nakumbuka pia kwamba nilikawia kujibu.

Kutofaulu nako kupo. Mijadala ya wale wasomi ni mirefu, na mara nyingine huoni watu bali midomo: mmoja mdomo wa ukomunisti, mwingine mdomo wa dini. Mhariri wa gazeti anamshinda mwandishi wa riwaya. Lakini hata hapa kuna faida, kwani katika mazungumzo yote hayo kuhusu wanyonge hatuoni mmoja wao akitoka nje kumwuliza mnyonge lolote.

Kasoro iliyo nzito zaidi ni wanawake. Mke mdogo wa Raden Kaslan, mke wa mwingine anayetembea na Suryono, na Neneng, msichana anayeuza mwili wake na kuishi na makuli wale, karibu wote tunakutana nao kwa kile wanachowapa wanaume au wanachowadai. Hasnah peke yake ana dhamiri inayozungumza, na hata yeye amebebeshwa lawama ya nyumba. Mji hauna wanawake wa namna hiyo tu. Katika kichochoro nilichokaa, mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akimpa mzee wa mkokoteni chai ya saa kumi na moja alfajiri, na sikuliona hilo kuwa la kuandika.

Kisha kuna Saimun na Itam wenyewe. Niliposoma mara ya kwanza niliandika pembezoni kwa penseli: "Wahusika bapa. Tunawaona kwa nje." Ni kweli kwamba Suryono amepewa kurasa nyingi za kujichunguza nafsi, na makuli wamepewa njaa, uchovu na ndoto moja au mbili, Saimun anatamani siku moja awe dereva, ashike usukani wa lori ambalo sasa anasimama nyuma yake pamoja na taka. Ningempa mwanafunzi alama kwa kuligundua hilo. Lakini niliposoma mara ya pili nilijiuliza: mtu aliyefungiwa nyumbani, msomi, mhariri, mwenye gazeti, angewajua makuli wa taka kwa ndani kiasi gani? Angeweza kuwatungia falsafa, kama tufanyavyo wengi, tukamfanya mkulima azungumze kama mhadhiri. Hakufanya hivyo. Aliandika mpaka pale macho yake yalipofika. Kwa hiyo nimefuta neno moja pembezoni mwa kitabu na kubakisha mengine. Kwa nje tunawaona, ndiyo. Lakini tunawaona, na tunawaona kila mwezi, na tangu mwanzo wana majina. Mmoja ni Saimun na mwingine ni Itam.

Hapa ndipo hukumu inaponigeukia mimi. Mochtar Lubis alikuwa haruhusiwi kutoka, na mtaa aliubeba kichwani. Mimi nilikuwa huru siku kumi na mbili, nikiwa na daftari, na maneno ya salamu yaliyokuwa nusu ya lugha yangu mwenyewe. Niliandika jina la msanifu wa msikiti na urefu wa mnara. Neno miskin nililiandika pia, nikafurahi kwamba linafanana na letu, na sikulipa uso.

Uso huo ulipita chini ya dirisha langu kila alfajiri ukaniamsha, nami nikaukasirikia.

Simwambii msomaji asitazame minara. Mnara wa Monas ni mzuri, na mwenye kupata nafasi na aupande. Wala sisemi kwamba kila msafiri lazima ajue jina la kila mtu. Nasema tu kwamba kuna namna ya kusafiri inayougeuza mtaa kuwa picha na wakazi wake kuwa mapambo ya picha, na kwamba namna hiyo haingoji kuvuka bahari. Serikali za mji ule nazo zimekuwa na ugonjwa huo. Katika miaka ya 1980 baiskeli za abiria za magurudumu matatu, becak, zilikamatwa kwa maelfu na kutoswa baharini, kwa kuwa zilionekana hazifai kutazamwa katika mji mkuu wa kisasa. Kila moja ilikuwa na mtu aliyekula kwayo. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kujenga mji mkuu mpya katika kisiwa cha Kalimantan, na sisi tunaoijua hadithi ya Dodoma tunaelewa jinsi jambo hilo linavyokwenda: ofisi huhama, na mikokoteni hubaki palepale.

Baada ya kuisoma riwaya nilimwomba binti yangu amwandikie mama mwenye nyumba wake wa zamani na kumwuliza jina la mzee yule. Jibu lilikuja siku ya pili. Mama yule alisema kwamba mzee hapiti tena kichochoroni, wala hawajui amekwenda wapi. Na kuhusu jina, siku zote walimwita Pak Sampah. Pak ni baba. Sampah ni taka.

Kwa hiyo jina sikulipata. Nilimwandikia barua yule msichana, ambaye sasa ni mwalimu, nikamweleza haya yote, na nikamwomba radhi kwa kicheko cha siku ile. Alinijibu kwa heshima kwamba hakuwa ameudhika. Alitaka kujua tu, kwa kuwa baba yake nyumbani angemwuliza. Na jina la baba yake aliliandika kwa ukamilifu, majina yote matatu, mwishoni mwa barua, bila ya mimi kuuliza. Sitaliandika hapa kwa kuwa si langu kulitangaza, ila ninalijua.

Ningependa siku moja vijana wetu waisome riwaya hii kwa Kiswahili. Mfasiri atakayeifanya kazi hiyo hatapata tabu sana na msamiati, kwani sehemu yake kubwa ameshailaza mlangoni kwake. Namshauri aanze na zile Ripoti za Mji. Na mwalimu atakayeisomesha, siku ya kwanza asiwaulize wanafunzi dhamira kuu ni ipi. Awaulize kwanza mtu anayefagia ua wa chuo chao anaitwa nani, asubiri majibu, ndipo wafungue kitabu.